Tairi moja linachemka tangu nibadilishe pedi za breki

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, naishi Kigamboni na nafundisha shule ya msingi. Mwezi wa pili nilibadilisha pedi za breki za mbele, zote nne, kwenye gereji moja ya mtaani. Tangu hapo gari limekuwa zito. Nikiendesha kama nusu saa usukani unavuta kushoto hata sijagusa breki, na rimu ya mbele kushoto inajaa vumbi jeusi wakati ya kulia ni safi. Wiki iliyopita nilikuwa natoka Iringa. Tumeshuka Kitonga vizuri, tumefika Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, kushuka tu nikasikia harufu kali ya kitu kinachoungua na moshi mwembamba unatoka kwenye tairi lile lile. Tulikaa saa nzima likapoa, tukaendelea polepole mpaka nyumbani. Fundi aliyefunga pedi anasema kalipa imekufa, ninunue ya mtumba kwa shilingi 80,000. Fundi wa pili anasema zile pedi ni feki, nifunge nyingine. Nimsikilize nani? Na hizi pedi zenye miezi minne bado zinafaa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa safari, na mlifanya vyema kukaa hiyo saa nzima. Wapo wanaoteka maji mtoni wakamwagia tairi ili wawahi, na diski iliyopata moto kiasi hicho ikimwagiwa maji ya baridi hupinda au hupasuka.

Hiyo 80,000 iweke kwanza. Mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa wamepatia, lakini wote wawili wamebahatisha, kwa sababu kwa maelezo yako hakuna aliyenyanyua gari likiwa bado limeshika akatafuta ni kitu gani kinachoshika. Wewe mwenyewe umenipa dalili kubwa kuliko zote kwa maneno mawili tu: "tangu hapo." Breki ilikuwa haina neno, zikafungwa pedi mpya, ikaanza kushika. Nikisikia hivyo huwa siitazami sana pedi, natazama ile siku ya kuifunga.

Ila kabla ya hayo, gari hilo lisitoke tena kwenda mbali. Moshi uliouona ni pedi kuungua, na wenyewe si mbaya sana. Kibaya ni mafuta ya breki yaliyomo ndani ya kalipa ile, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140, na ya gari ambalo halijawahi kubadilishwa mafuta ya breki tangu litoke bandarini inaweza kuwa chini ya hapo. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi chini kama umekanyaga godoro. Tena hapo hupotezi breki ya tairi moja. Magari mengi yanayovutwa na tairi za mbele yana mabomba ya breki yaliyopishana, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, kwa hiyo mapovu ya kalipa moja yanaondoka na nusu ya breki za gari. Halafu grisi ya beringi ya tairi hilo nayo inayeyuka, na hiyo utakuja kuilipia baadaye ukiwa umeshasahau habari ya kalipa.

Kitonga usiisingizie. Kwenye mteremko ule tairi zote mbili za mbele zinapata moto na harufu utaisikia pande zote, hasa kama dereva ameshuka kwa breki badala ya kutumia gia ndogo. Lakini kutoka pale mpaka Mbuyuni barabara inakupa muda wa kupepewa na upepo. La kulia lilipoa, la kushoto halikupoa. Mlima ulikuonyesha tu kilichokuwa kinatokea kila siku ukienda kazini.

Sasa twende ndani ya kalipa, maana bila kuelewa inavyoachia huwezi kujua kwa nini haiachii. Watu wengi wanadhani kuna springi inayorudisha pistoni, kile kipande cha mviringo kinachosukuma pedi, ukitoa mguu. Hakuna. Kuna sili moja ya mpira, ya mviringo, yenye kingo nne kama imekatwa kwa kisu, imekaa kwenye mfereji ndani ya kalipa na kuikumbatia pistoni. Chukua raba ya kufutia ya mwanafunzi wako, iweke mezani, ibonyeze kwa dole gumba kisha isukume kidogo upande bila kuiacha iteleze. Inapinda. Achia, inarudi. Sili inafanya hivyo hivyo: ukikanyaga, pistoni inatoka na sili inapinda nayo, ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni sehemu ndogo sana ya milimita moja. Nafasi hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya tairi baridi na tairi linalotoa moshi. Ndiyo maana kutu kidogo tu, au mpira uliokauka, unatosha kuharibu kila kitu.

Na hapa ndipo pedi mpya zinapoingia kwenye kesi. Pedi zinavyoisha, pistoni inasogea nje taratibu, na kipande chake kinachotokeza kinafunikwa na kiraba cha kuzuia vumbi. Kiraba kikichanika, maji na chumvi vinaingia. Wewe upo Kigamboni, upepo wa bahari unaujua. Kutu inajenga pete kwenye kile kipande kilichotokeza, na kwa muda wote huo haimsumbui mtu kwa sababu iko nje ya sili. Siku ya kufunga pedi mpya, ambazo ni nene, fundi anaisukuma pistoni ndani mpaka mwisho. Ile pete ya kutu inapita chini ya sili na kukaa humo. Kuanzia hapo sili inajaribu kuirudisha pistoni na kutu inaikatalia. Kalipa iliyokuwa mgonjwa wa siri inalala kitandani siku hiyo hiyo. Fundi wako hakuiua, lakini alipoona kiraba kimechanika alipaswa kukwambia.

Siku ya pedi inaweza kuleta mengine pia. Wapo wanaofungua kalipa wakaiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki, lile bomba laini linaloiletea mafuta, kilo kadhaa za chuma zikivuta mpira wenye miaka 20, kisha wanaenda kunywa chai. Wapo wanaorudisha pini za kalipa, zile inazotelezea, bila kuzisafisha wala kuzipaka grisi. Na zipo pedi, hapa fundi wako wa pili ana hoja, ambazo masikio yake yamepakwa rangi nene au yamekatwa vibaya, yanaingia kwenye breketi, chuma kinachobeba pedi, kwa kugongwa nyundo. Pedi iliyoingia kwa nyundo haitatoka kwa hiari.

Kwa hiyo watuhumiwa ni wanne: mpira wa breki, pistoni, pini, na pedi zenyewe kwenye breketi. Kalipa ya mtumba inatibu wawili tu kati ya hao. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma nililetewa Noah yenye ugonjwa kama wako, nikaitazama, nikaona kutu, nikatamka "kalipa" kwa sauti ya mtu anayejua. Tukafunga nyingine. Kesho yake mchana mteja akarudi, tairi lile lile, harufu ile ile. Ulikuwa mpira wa breki, ambao kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, hauna hata mpasuko. Nilirudisha hela ya ufundi, na tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijafungua nipo.

Nipo ni kile kichuchu kidogo cha kutolea upepo, juu ya kalipa, chenye kofia ya mpira. Jaribio lake linachukua dakika 10 na linatenganisha nusu ya maswali. Lifanye na fundi wako, usilifanye peke yako, na mkae juu yake mpaka aelewe unachotaka.

Gari liendeshwe kwanza mpaka lishike. Hili ni muhimu, breki nyingi za aina hii zikipoa zinaachia, na fundi akinyanyua gari asubuhi atazungusha tairi akakwambia "mama, hakuna kitu hapa." Simamisheni mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma na mbele yake, weka gia N. Siyo P. Gari hili linavutwa na tairi za mbele, likiwa kwenye P na umenyanyua tairi moja halitazunguka hata breki ikiwa nzima, nami nimeshaona mtu akihukumu kalipa kwa kosa hilo. Nyanyueni upande wa kushoto, wekeni stendi chini, jeki peke yake haitoshi. Zungusheni tairi. Usitegemee lizunguke kama feni, kuna eksele na gia nyuma yake. Kipimo ni upande wa kulia. Kama kushoto mnahitaji mikono miwili na kulia mmoja unatosha, imeshika.

Likiwa limeshika hivyo, fundi avalishe nipo kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha nyingine aizamishe kwenye chupa, kisha ailegeze nipo robo mzunguko. Spana ni namba 8 au 10, na iwe ile ya duara kwanza, kwa sababu nipo yenye kutu ikizungushwa na spana iliyolegea inakuwa mviringo na mtaanza ugomvi mwingine. Avae miwani. Sasa tazameni vitu viwili kwa pamoja: mafuta na tairi.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi papo hapo likawa jepesi, ina maana kulikuwa na presha iliyofungiwa humo ndani. Pistoni haina kosa, ilikuwa inasukumwa. Mafuta yakitoka kwa kudondoka tu na tairi likabaki zito vile vile, presha haipo, na kinachoshika ni chuma kwa chuma: pistoni, pini au pedi.

Tuanze na presha, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Mpira wa breki una matabaka. Tabaka la ndani likizeeka huvimba au huchanika na kuacha kijisikio ndani ya njia. Mguu wako una nguvu nyingi, busta, kile kisaidizi cha pedali, inauongezea, mafuta yanapita kwenda. Kurudi, kinachoyasukuma ni kule kujinyoosha kwa sili tu, nguvu ndogo mno, na kile kijisikio kinajifunga kama mlango unaofunguka upande mmoja. Kwa kutazama nje hutauona. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kununua, funga nipo, kanyaga tena mpaka ishike, kisha legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na mpira huo kwa juu, upande wa bodi. Tairi likiachia hapo, kizuizi kiko juu zaidi, kwenye masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au njiani. Lisipoachia, lakini likaachia ukifungua nipo, mpira umekiri. Nati ile ni laini, itumie spana yake ya bomba, na ujue upepo umeshaingia, utautoa mwishoni.

Kwa kesi yako siweki dau kubwa kwenye masta. Masta ikigoma kurudisha mafuta, au fito yake ikikosa nafasi ya kupumua, hushika zaidi ya tairi moja: za mbele zote mbili, au la kushoto mbele na la kulia nyuma, kwa sababu ya yale mabomba yaliyopishana. Ila kuna jambo moja la kuuliza kwa upole kwenye gereji: walijazia nini kwenye kikombe cha mafuta ya breki? Kwenye mfuniko pameandikwa DOT 3, na DOT 4 nayo inachanganyika nayo bila shida. Kikiingia humo hata kidogo cha oili ya injini, ya gia au ya usukani, sili zote zinavimba kama maharage yaliyolowekwa, kuanzia masta mpaka tairi la mwisho, na hapo gharama yake hata sitaki kuitaja. Gusa kwa kidole sehemu ya chini ya mfuniko wa kikombe: raba yake ikiwa imevimba na haikai tena mahali pake, mmeshapata jibu.

Sasa nipo ikisema hakuna presha. Fungua bolti mbili za kalipa kwa nyuma, kwenye Toyota nyingi ni namba 14, iondoe kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Siku hii haining'inii kwa mpira. Kabla ya kusafisha chochote, toa pedi na uzipange sakafuni kama zilivyokuwa, ya ndani na ya nje. Zinaongea. Ya ndani, ile inayoguswa na pistoni, ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, mshukiwa wa kwanza ni pistoni isiyorudi. Ya nje ikiwa imeisha zaidi, kalipa haitelezi, nenda kwenye pini. Ikiwa pedi moja imeisha kama kabari, upande mwembamba na upande mnene, mara nyingi pini moja imeganda na mwenzake inafanya kazi. Zisichukuliwe kama Msahafu, lakini zinakuelekeza pa kuanzia.

Pini zijaribu kwa vidole. Ndani ya kiraba chake kila pini inapaswa kusogea na kuzunguka kwa mkono, laini, na ukiisukuma ndani inarudi kidogo kwa sababu ya hewa iliyobanwa. Ile inayohitaji koleo ndiyo mwizi wako, na kwa uzoefu wangu hii ndiyo ya kushukuru kuikuta maana dawa yake ni grisi na nusu saa. Itoe, isugue kwa brashi ya waya, uifute. Tundu lake nalo lisafishwe, kwa kuwa grisi iliyokauka inabaki humo kama lami. Pini yenye vishimo vya kutu ibadilishe. Kwenye Toyota nyingi pini mbili hizi si mapacha: moja ina kiraba mwishoni, na kila moja ina tundu lake. Wakizibadilishana inashika upya. Grisi iwe ya silikoni au ile maalumu ya breki. Ile grisi ya kawaida ya beringi, inayokaa kwenye kopo kubwa kila gereji, inaivimbisha raba ya pini, na baada ya miezi mitatu uko palepale. Paka kidogo. Ukijaza tundu, hewa inakosa pa kwenda na pini inasukumwa nje.

Pedi zijaribu kwenye breketi bila kalipa. Zinapaswa kuingia na kusogea kwa nguvu ya vidole. Zikikwama, ng'oa vile vibati vyembamba, chini yake utakuta kutu imejenga kichuguu na kuvisukuma juu. Piga tupa kutu, rudisha vibati. Kama baada ya hapo masikio ya pedi bado hayaingii, pedi ndizo zenye kosa na fundi wako wa pili anastahili soda.

Inabaki pistoni. Weka pedi ya zamani juu yake, chukua klampu ya seremala, na nipo ikiwa wazi uirudishe taratibu. Klampu nayo ni shahidi: pistoni ikikataa nipo ikiwa imefungwa na ikakubali nipo ikiwa wazi, rudi kwenye mpira wa breki. Ikikataa zote mbili, au ikaenda kwa kukwaruza na kusimama simama, yenyewe ndiyo imeganda. Usiendelee kuilazimisha. Ilazimishe kutoka badala yake: weka kipande cha mbao mbele yake, mtu akanyage pedali polepole, itasogea nje. Usikanyage mpaka chini kabisa, masta ya zamani ina sehemu ambayo sili zake hazijawahi kufika na kutu ya pale inazichana. Na wanaotumia upepo wa kompresa kuitoa pistoni waweke vidole mbali. Inaruka kama risasi, na mbele yake kuna kingo ya chuma. Fundi asiye na ncha ya kidole umeshamwona, mwalimu.

Ikitoka, ishike juani na uizungushe. Doa jeusi lisilosikika kwa ukucha, futa kwa msasa laini sana wenye maji, yatosha. Kishimo kinachokwama ukucha mahali ambapo sili hupita, au kromu iliyobanduka kama ganda la yai, pistoni hiyo imeisha na msasa unakudanganya. Pistoni mpya ya IST inauzwa peke yake na haina bei ya kutisha. Seti ya raba, ile ripea kiti, ununue kwa vyovyote vile. Toa sili ya zamani kwa kitu kisicho cha chuma, safisha mfereji wake vizuri kwa sababu kutu ikibaki chini ya sili inaibana kwenye pistoni na tatizo ni lile lile, osha kwa mafuta safi ya breki. Siyo petroli, petroli inakula raba hizi. Lowesha sili na pistoni kwa mafuta mapya ya breki, iingize wima kwa mikono. Inaingia kwa kusukumwa na viganja. Ikidai nyundo, toa uanze upya.

Kalipa ya mtumba siipingi. Ila fikiri inatoka wapi: imetoka kwenye gari la miaka ile ile ya gari lako, na kama gari hilo lilitembea mikoa ya kaskazini ya Japani, barabara zake humwagwa chumvi wakati wa theluji. Unanunua umri ule ule na pengine kutu zaidi. Ukilazimika, funua kiraba cha vumbi palepale dukani uitazame pistoni, jaribu pini kwa vidole, na bado uibadilishe raba. Na hakikisha ni ya kushoto. Wameshafunga ya kulia kushoto, inaingia bila shida, lakini nipo inaangalia chini. Upepo hukaa juu, nipo ipo chini, watautoa mpaka jioni na pedali itabaki laini.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na maneno matatu: kanyaga, shikilia, achia. Nipo inafunguliwa mguu ukiwa umekanyaga na inafungwa kabla mguu haujatoka. Kikombe kisikauke katikati. Kama mpira umefunguliwa, zile washa za shaba ziwe mpya, hazina gharama. Nami ningeomba wakati huo huo wayatoe mafuta yote ya zamani kwenye tairi zote nne mpaka yanayotoka yawe ya rangi ya mafuta ya alizeti. Yakidondokea rangi ya gari osha kwa maji papo hapo. Na mpira ukigundulika mbovu upande mmoja, badilisha na wa kulia. Wamezaliwa siku moja.

Usichukue gari kwa maneno. Liendeshe kilomita 15 hivi kwa breki za kawaida, mwishoni liache lipunguze mwendo lenyewe, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu ya kushoto na ya kulia bila kugusa. Gereji nyingi siku hizi zina kile kipima joto cha bastola, kielekezwe kwenye diski zote mbili. Zote zitakuwa na joto. Unachotafuta ni zilingane kwa karibu. Ukisikia mngurumo unaobadilika na mwendo, beringi imeumia na ile safari ya Iringa.

Kuhusu pedi, la mwisho uliloniuliza. Sidhani za kushoto zimepona. Pedi iliyofika kutoa moshi uso wake unakuwa kama kioo au wa majivu, kingo zinamomonyoka kwa ukucha, na gundi inayoishikilia kwenye bati lake imeshaungua. Hata ikiwa bado nene siiamini. Diski ya kushoto itazame pia: rangi ya bluu, vipasuko vidogo, na unene wake kwa kulinganisha na kipimo cha chini ambacho mara nyingi kimechongwa kwenye diski yenyewe kwa milimita. Pedi zinanunuliwa seti moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo za kulia zitatoka hata kama ni nzima, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga. Lakini seti hiyo uinunue mwisho kabisa wa kazi, tairi likiwa limeshazunguka kwa mkono mmoja.